Usiizibe Taa ya Tairi Ukielekea Serengeti!

Msomaji wangu, kwa vijana wengi wa mjini Serengeti ni ya kwenye picha tu: simba kalala, nyumbu wanavuka mto, jua linazama, basi. Leo sikupeleki kwa simba. Nakupeleka kwenye dashibodi, kwenye taa moja ndogo ya njano yenye umbo la kiatu cha farasi na alama ya mshangao katikati. Ukiwa Kinondoni taa hiyo ni urembo. Ukishavuka geti la Lodoare, ndiyo inayoamua kama mtafika au mtalala njiani mkisikiliza fisi.

Tulikuwa watano ndani ya jipu la mshikaji wangu mmoja, mtumba kutoka Uingereza, gari refu, linang'aa hadi linakera. Usukani tulimpa dereva mzoefu wa Arusha, mtu mzima, tukimwita Anko. Tulilala Karatu. Sasa Karatu mwezi Julai, usiombe! Asubuhi unavuta pumzi na moshi unatoka mdomoni. Anko kawasha gari, akatupia macho dashibodi, kisha akauliza kwa upole:

"Kijana, hii solotepu nyeusi hapa ya nini?"

Mshikaji akacheka. "Anko, kuna taa hapo ilikuwa inanisumbua Dar. Fundi akaniambia niizibe tu, magari ya Ulaya yana mambo mengi."

Anko hakujibu. Akaibandua ile solotepu kwa ukucha. Taa hiyo hapo, inawaka tulii.

Kwa taarifa yako, taa hii haikuletwa kwa ajili ya mbwembwe. Marekani ilitunga sheria mwaka 2000, baada ya ajali nyingi za matairi kupasuka na magari marefu kupinduka. Magari madogo yote mapya ya kuanzia toleo la 2008 yakatakiwa kule kuwa nayo, na Ulaya ikafuata: tangu Novemba 2014 kila gari jipya dogo linatoka nayo. Katika magari mengi, ndani ya kila rimu kuna kidude chenye betri ambacho kinapima upepo na kutuma taarifa kwa mawimbi ya redio. Kwa kanuni ya Marekani taa inawaka upepo ukipungua asilimia 25. Ulaya ni asilimia 20. Yaani kama tairi lako linataka 36, likifika 29 hivi unapigiwa kelele.

Mbona iwake wakati matairi tumeyajaza jana yake Arusha? Anko akatufundisha kama watoto wa chekechea. Tulijaza mchana, matairi yakiwa bado ya moto kutokana na mwendo. Hewa ya moto inavimba, ya baridi inasinyaa. Kila joto likishuka nyuzi 10, upepo unapungua karibu psi 2. Geji ya Anko ikasoma 29, 29, 28, 29. Hakuna pancha, ni baridi ya Karatu tu. Akachomeka pampu ndogo kwenye tundu la kuwashia sigara, akajaza yote hadi 36, na baada ya mwendo kidogo taa ikazima yenyewe.

"Ingekuwa inapepesa dakika nzima halafu ndiyo itulie," akasema, "ningejua kidude kimekufa betri. Mitumba mingi inakuja hivyo. Hapo taa haikwambii habari ya upepo, inakwambia yenyewe ni mgonjwa."

Basi bwana, tukapita Lodoare, na siku ile lami ilituishia pale pale. Tukapanda msituni, ukungu kama pamba, hadi ukingo wa Ngorongoro, juu ya mita 2,000 kutoka usawa wa bahari. Kreta chini imejifunika shuka la mawingu. Wenzangu wakapiga picha wee! Anko yuko chini ya gari, anatoa upepo. Matairi yote manne akayashusha hadi 28.

Mshikaji nusura azimie. "Anko, si umejaza asubuhi?"

"Mbele barabara imejikunja kama bati. Tairi gumu litaruka juu ya kila tuta, mtateguka viuno na gari litang'oka nati. Tairi laini linakanyaga kwa upana. Lakini sharti mwendo uwe mdogo, maana tairi laini likikimbizwa linachemka na kupasuka."

Kweli, tukashuka upande wa pili kuelekea uwanda wa Serengeti na gari likawa linaelea. Sema taa ikawaka tena. Na hapa ndipo penye kasheshe, msomaji wangu, shika vizuri. Taa iliyowaka kwa sababu umetoa upepo mwenyewe haiwezi kuwaka mara ya pili ukipata pancha. Imeshawaka! Kuanzia hapo una taa, ila huna mlinzi.

Ndiyo maana kila baada ya nusu saa Anko alisimama, akaangaza majani pande zote kama kuna mwenye nyumba mwenye manyoya, kisha akazunguka gari na geji. Mara ya kwanza safi. Ya pili safi. Sisi kwenye viti tunaguna, tunataka kuwahi geti la Naabi. Mara ya tatu, tairi la nyuma kushoto likasoma 17. Jiwe lenye ncha limelitoboa, na upepo unatoka taratibu bila kelele. Kwa macho huoni kitu, kwenye usukani husikii kitu. Tungeendelea vile, watu watano na mizigo, kingo za tairi zingejipika zenyewe hadi zipasuke. Na gari refu likipoteza tairi la nyuma kwenye kokoto, usiniulize linaishia wapi.

Tulibadilisha tairi kwa dakika ishirini, mshikaji mwenyewe akikaza nati huku akiangalia nyuma kila sekunde. Hakuna aliyeguna tena.

Kwa hiyo wewe unayejipanga kwenda huko na jipu la kuazima, beba vitu vitatu: geji yako mwenyewe, pampu ndogo, na spea yenye upepo kamili. Pima asubuhi matairi yakiwa baridi. Ukishusha upepo, shusha na mwendo. Humo hifadhini mwisho ni kilomita 50 kwa saa, na zinatosha kabisa. Ukirudi kwenye lami, jaza kabla hujakanyaga mafuta. Na solotepu iache nyumbani, kafungie zawadi za watu.

Tukutane wiki ijayo!