Chura wa Nyuma ya Tangi

Usiku, mvua ikiisha, nalala kifudifudi kwa matope nyuma ya tangi, tochi mdomoni, simu mkononi. Kumpiga chura picha kunataka hivyo: macho yako yashuke hadi usawa wa macho yake. Ukisimama, utapata mgongo tu.

"Wuoda, hii ndiyo kazi uliachia chuo?" Mama aliniuliza, amesimama mlangoni na leso begani. Sikuwa na jibu. Nikampa simu.

Kwenye picha, chura wa matete amejaza hewa kooni hadi kifuko kikakishinda kichwa ukubwa. Mwili wake mzima haupiti kidole gumba. Mama amesikia mlio huo tangu aolewe hapa Ndhiwa. Siku zote alidhani ni ndege wa usiku.

"Kumbe ni haka?"

Nikamwonyesha wengine niliopiga kwa shangazi kule Rongo: aina ileile, lakini mmoja kahawia, mwingine ana madoa. Mchana wakikaa juani hupauka, karibu weupe. Akaangalia moja moja, bila haraka.

Hajaacha kuniuliza kuhusu chuo. Lakini jana usiku alinigongea mlango.

"Amka. Kuko na mwingine kwa karai. Njoo polepole."