Kipimo cha Mwanagenzi

Mtoto anayejifunza kutembea huanguka mara nyingi kwa siku, wala haoni haya, kwa sababu hajui bado kwamba watu hucheka. Mtu mzima anajua. Kwa ajili hiyo wengi wetu, tukipita umri wa miaka 30, hatujifunzi tena jambo jipya. Si kwamba viungo vimekaza au akili imefungwa. Macho ya watu ndiyo yaliyo mazito. Wewe, msomaji wangu, ungali katika umri wa kuanza mambo. Kila muhula hukuletea somo au mchezo usioujua. Basi nataka kuzungumza nawe juu ya swali moja ambalo kila mwanagenzi hujiuliza akiwa peke yake: Nitajuaje kwamba ninaendelea? Nimelifikiri swali hili kwa mwaka mzima, maana katika umri wa miaka 36 nimekuwa mwanagenzi mimi mwenyewe, tena wa mchezo ambao majirani zangu hawakupata kuuona.

Mchezo wenyewe ni gofu ya visahani. Kanuni yake ni nyepesi. Mchezaji husimama mahali palipowekwa alama, akarusha kisahani cha plastiki kuelekea kikapu kilicho mbali. Huenda mpaka kilipoangukia, akarusha tena kutoka hapo, na hivyo hivyo mpaka kisahani kiingie kikapuni. Anayemaliza vituo vyote kwa mirusho michache zaidi ndiye mshindi. Mwaka 1975 mtu aliyeitwa Ed Headrick alijenga uwanja wa kudumu wa mchezo huu katika bustani ya Oak Grove, California, nchini Marekani, na uwanja huo huhesabiwa kuwa wa kwanza wa namna yake. Ndiye pia aliyebuni kikapu chenye minyororo inayoning'inia juu yake, ili kisahani kikiipiga minyororo kipoteze mwendo na kudondoka ndani. Mwaka 1976 aliunda chama cha wachezaji, na leo mchezo huu unachezwa katika nchi nyingi za dunia.

Visahani vyangu vitatu nililetewa zawadi na ndugu yangu aliyekuwa akifanya kazi ng'ambo. Vikapu vya minyororo sikuwa navyo. Nilinunua kwa bei ndogo matenga sita ya samaki yaliyochakaa, nikayafunga juu ya vigingi katika malisho ya wazi karibu na ufuko, upande wa Dunga, kusini ya mji wa Kisumu. Kituo cha kwanza ni chini ya mkuyu, na cha mwisho ni kando ya mafunjo, hatua chache kutoka majini. Mchezo hapo sharti umalizike kabla ya giza, kwa maana kiboko hutoka ziwani usiku kuja kula majani, naye hajui kungoja zamu ya mtu.

Usidhani kwamba kurusha kisahani ni kazi ya nguvu tu. Kisahani hukaa hewani kwa mambo mawili: mwendo wa mbele, unaoifanya hewa ikiinue, na mzunguko, unaokizuia kisipinduke. Kikirushwa kwa nguvu bila kuzungushwa hutikisika kama jani na kuanguka karibu. Anayetumia mkono wa kulia, akiupitisha mbele ya kifua kutoka kushoto, huona kisahani chake kikienda sawa kwanza, kisha mwendo ukipungua kikainamia kushoto. Upepo ukikikabili hukiinua na kukipeleka kulia. Upepo ukikifuata nyuma hukishusha upesi.

Na sisi tunaokaa ufukoni hatukosi upepo. Mwalimu wako wa jiografia amekwisha kukueleza sababu. Mchana jua huipasha moto nchi kavu upesi kuliko maji. Hewa ya juu ya nchi hupanda, na hewa baridi ya ziwani huja kushika nafasi yake. Usiku mambo hugeuka, na upepo mwanana hutoka bara kwenda ziwani. Kwa hiyo malisho yangu ni viwanja viwili mahali pamoja: uwanja wa asubuhi, uliotulia, na uwanja wa alasiri, wenye upepo mkali unaokuja usoni.

Kwa kuwa nafundisha hisabati, nilianza na daftari. Jumamosi ya kwanza, asubuhi, nilimaliza vituo sita kwa mirusho 41. Jumamosi ya pili mirusho 38, na ya tatu 35. Moyo wangu ulifurahi. Kisha zamu za shule zikabadilika, nikawa napata nafasi alasiri tu. Namba zikageuka: 40, 42, 39, na tena 42. Watoto wa ufukoni waliokuwa wakiniokotea visahani walianza kuniuliza kwa adabu, "Mwalimu, hutachoka?" Wakubwa hawakuuliza kitu. Walitazama tu, na kutazama kwao kulikuwa kuzito zaidi. Nilifikiri siku hizo kwamba yamkini miaka ya kujifunza ilikwisha kunipita, na kwamba heshima ya mwalimu ingehifadhika vizuri zaidi nyumbani, kitini, na gazeti mkononi.

Karibu na kituo cha nne palikuwa na mvuvi mmoja mzee aliyezoea kukaa kivulini akishona nyavu. Yeye huvua omena usiku kwa taa. Siku moja aliniita.

"Japuonj," alisema, nalo ndilo neno la Kijaluo la kumwita mwalimu, "katika kitabu hicho unaandika nini?"

"Naandika mirusho yangu, mzee. Naona narudi nyuma."

Aliiweka sindano ya nyavu chini. "Usiku wa mbalamwezi omena hawaikusanyikii taa. Mimi hurudi na mtumbwi mtupu. Je, niseme nimesahau kuvua?"

"La, mzee."

"Basi andika na mwezi."

Maneno hayo yalinipa kazi. Nilichora mstari katikati ya ukurasa: upande mmoja asubuhi, upande wa pili alasiri. Mara nikaona jambo lililokuwa limefichika. Asubuhi na alasiri havikuwa kipimo kimoja, na namba za mahali pamoja si lazima ziwe namba za hali moja. Toka siku hiyo nililinganisha asubuhi na asubuhi, upepo na upepo. Mwaka ulipotimia, mirusho yangu ya asubuhi ilikuwa 27 na ya alasiri 31. Ziangalie namba hizi vizuri. Alasiri ya sasa, pamoja na upepo wake, ni bora kuliko asubuhi niliyoifurahia katika wiki ya tatu. Siku mbaya ya leo imeipita siku njema ya jana. Sijui kipimo kingine cha maendeleo kilicho cha kweli kuliko hicho.

Lakini namba si kipimo pekee. Kuna kipimo cha pili ambacho hakiandikiki daftarini, nacho ni kujua sababu. Mwanzoni kisahani kilipokwenda mafunjoni sikujua kwa nini, kilikwenda, basi. Baada ya miezi michache nilijua, lakini baada ya kukiona kimeanguka: nilikuwa nimeinua ukingo wake wa mbele, nacho kikapanda, kikasimama, kikashuka. Baadaye nikaanza kuhisi jambo hilo vidoleni, wakati uleule kinapouacha mkono. Na sasa, si kila mara, lakini mara nyingine, nahisi kabla, nikausahihisha mkono ungali nyuma. Tazama, kati ya ngazi ya kwanza na ya tatu kisahani huenda kilekile mafunjoni. Mpita njia ataona mtu asiyejua kitu jana wala leo. Mwenyewe anajua kwamba amesafiri safari ndefu. Ndivyo ilivyo katika hesabu, katika insha, na katika lugha ya kigeni: mwanafunzi anayelisikia kosa lake linapotoka mdomoni amekwisha kumpita yule asiyelisikia, ijapokuwa wote wawili wamelisema.

Labda utasema kwamba haya ni maneno ya kumfariji mtu wa mwisho. Basi twende kwa mtu aliyekuwa wa kwanza. Kutoka Kisumu tunaiona kuta ya milima ya Nandi, na katika nchi ya Nandi alizaliwa Julius Yego, mrusha mkuki. Kenya ni nchi ya wakimbiaji. Walimu wa mkuki walikuwa haba, naye alijifunza sehemu kubwa ya kazi yake kwa kutazama katika intaneti picha za video za warushaji wa Ulaya. Katika fainali ya Olimpiki ya London mwaka 2012 alikuwa wa 12. Mwaka 2013, katika mashindano ya dunia mjini Moscow, alikuwa wa 4, hakupata nishani. Mwaka 2015, mjini Beijing, aliurusha mkuki mita 92.72, akawa bingwa wa dunia, Mkenya wa kwanza kupata ubingwa huo katika mchezo usiokuwa wa mbio. Mwaka 2016 alipata nishani ya fedha katika Olimpiki ya Rio de Janeiro. Mtu aliyeisoma orodha ya mwaka 2012 na kuifunga aliona jina lililo chini. Orodha humwambia mtu mahali aliposimama. Haimwambii anakoelekea wala kasi anayokwenda nayo.

Hapa ndipo mchezo wangu uliponifuata mpaka darasani. Katika kidato cha pili palikuwa na mvulana mmoja, nami simtaji jina lake. Katika mitihani mitatu ya hisabati alipata alama 14, kisha 19, kisha 27 kwa 100. Darasa lilikuwa na wanafunzi 44, naye mara zote tatu alikuwa wa 44. Mwisho wa muhula wa pili alinijia, akasimama mlangoni, akasema, "Mwalimu, nimekuja kukuaga. Mjomba ana mtumbwi, anahitaji mtu wa kumsaidia. Hapa nimekaa palepale."

Sikumwambia kwamba kazi ya ziwani ni duni, kwa sababu si duni. Wavuvi hulisha mji, na wengi wa wanafunzi wangu wamelipiwa karo kwa samaki. Kwenda ziwani kwa kulipenda ziwa ni heshima. Bali kwenda ziwani kwa kudanganywa na namba ni hasara, na huyu alikuwa akiondoka kwa sababu ya namba moja, 44, iliyorudiwa mara tatu. Nilitoa karatasi zake kabatini, nikazipanga mezani kwa taratibu ya tarehe. Nikamwomba ahesabu maswali aliyoyaacha wazi. Katika karatasi ya kwanza yalikuwa 11. Katika ya tatu yalikuwa 3. Nikamwomba asome maswali matano aliyoyakosa katika karatasi hiyo ya tatu, mstari kwa mstari, na anionyeshe njia ilipopotea. Katika manne njia ilikuwa sawa mpaka mstari wa mwisho.

Alizitazama karatasi kwa muda mrefu. Kisha akauliza, "Mbona orodha haikusema hivi?"

Ni swali la haki, nami bado nalichukua. Orodha haikusema kwa sababu ilimpima kwa wenzake, na wenzake nao walikuwa wakienda. Mtu aliyemo ndani ya gari moshi akitazama gari jingine liendalo sambamba naye kwa mwendo uleule, huona kwamba hakusogea. Akitaka kujua kama anakwenda, sharti atazame miti iliyo kando ya reli.

Alirudi muhula wa tatu, na daftari dogo, ukurasa wake umechorwa mstari katikati. Upande mmoja aliandika maswali yaliyomshinda kabisa, na upande wa pili maswali aliyoyakosa akijua sababu. Sikusikia kwamba amekuwa wa kwanza, wala sitakudanganya. Mwisho wa mwaka alipata alama 41, akawa wa 33. Ziwa lingali pale pale, na mtumbwi wa mjomba ungali unamngoja, lakini siku atakayouingia atauingia kwa hiari yake.

Basi, msomaji wangu, ukianza jambo, weka daftari. Andika ulichofanya, na andika pia hali uliyokifanyia: ugonjwa, njaa, upepo, au usiku usio na taa. Usilinganishe siku ya mbalamwezi na siku ya giza. Usitarajie kila wiki ikupandishe, kwa maana bandubandu huisha gogo, lakini anayekata huliona gogo bado ni kubwa mpaka karibu na mwisho. Na watu wakikutazama, waache watazame. Wanaona mahali kisahani kilipoangukia. Mkono ulionza kuelewa ni wako, nao hauwezi kuonekana kutoka barabarani.