Majina ya Walioondoka

Wahenga walinena kwamba mti mkuu ukianguka, wana wa ndege huyumba. Wahenga hao hao wakanena pia kwamba kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Tangu nilipoanza kuisoma fasihi simulizi nimekuwa nikijiuliza ni ipi kati ya methali hizi mbili isemayo kweli. Wahadhiri wangu hunijibu kwamba kila methali ina muktadha wake, na jibu hilo ni sahihi. Hata hivyo, jibu langu mimi sikulipata darasani wala maktabani. Nililipata mwaka 2019 katika uwanja wa saruji wa mpira wa vikapu mtaani Jericho, Eastlands, jijini Nairobi, mahali ambapo kikapu kimoja kilikuwa na wavu na cha pili kilikuwa chuma kitupu.

Wakati huo nilikuwa mwanafunzi wa shahada ya kwanza na mchezaji wa timu ya wanawake ya chuo chetu. Nikisema "mchezaji", namsihi msomaji asinielewe vibaya. Kwa misimu miwili kazi yangu kuu ilikuwa kukalia benchi, kupiga makofi na kuchunga chupa za maji. Wengi wetu tuliishi Eastlands, wengine Kayole na Umoja, wengine Buruburu, nami katika nyumba za kale za baraza la jiji mtaani Maringo. Ndiyo maana mazoezi ya jioni tulikuwa tukiyafanyia Jericho.

Timu yetu ilikuwa na wachezaji kumi na wawili, lakini ukweli ni kwamba ilikuwa ya watu watatu. Wa kwanza alikuwa nahodha, msichana tuliyelelewa naye Maringo, milango yetu ikitazamana. Wa pili tulimwita Twiga kwa sababu ya urefu wake, na wa tatu tulimwita Umeme kwa sababu ukipepesa jicho ulikuwa umeshampoteza. Hawa watatu walifunga takriban pointi zote tulizopata. Sisi wengine tulijua wajibu wetu: kuupata mpira, kuwatafuta, kuwapa. Hata mipango yetu ya kushambulia iliitwa kwa majina yao. Kocha akipaza sauti "Twiga Moja!" mpira ulikwenda kwake kutoka kushoto, akisema "Twiga Mbili!" ulikwenda kutoka kulia.

Mwishoni mwa mwaka 2018 wote watatu waliondoka. Nahodha alisajiliwa na timu ya benki, Twiga akachukuliwa na timu ya bandari kule Mombasa, naye Umeme akahitimu na kupata kazi ya kufundisha mbali na Nairobi. Hapakuwa na hila yoyote katika kuondoka kwao. Anayeufuatilia mchezo huu nchini Kenya anafahamu kwamba Halmashauri ya Bandari na Benki ya Equity zimekuwa miongoni mwa timu zenye nguvu zaidi katika ligi ya wanawake, na kwamba vyuo kama vile USIU, Strathmore, Nairobi na Zetech vimekuwa vikishindana nazo kwa wachezaji ambao bado wako masomoni. Chuo ni kitalu. Miche ikishapata nguvu hupandwa katika shamba la mwingine, penye mshahara. Haya yote niliyajua. Lakini kujua ni jambo moja na kuridhika ni jambo jingine, nami nilimkasirikia nahodha kama mtu aliyeibiwa.

Januari 2019 tulijitokeza mazoezini wachezaji wanane. Watatu kati yao walikuwa wapya, mmojawapo binti wa mwaka wa kwanza kutoka Kayole, mfupi, mwepesi, aliyefunga kamba za viatu vyake kwa mafundo manne kana kwamba anaogopa vitamkimbia. Kocha akatupanga, kisha kwa mazoea akapaza sauti: "Twiga Mbili!" Sisi wa zamani tulikimbilia nafasi zetu mara moja. Mpira ukatoka kulia, ukapita mahali ambapo Twiga alizoea kusimama, ukatoka nje ya uwanja na kubingirika hadi kwenye kibanda cha muuza mahindi. Pakawa kimya. Ndipo yule binti wa Kayole akaniuliza kwa adabu, "Samahani, dada. Twiga ni nani?"

Sikuwa na jibu. Ningemwambia nini? Kwamba Twiga ni mtu asiyekuwapo, nasi bado tunampa mpira?

Mechi yetu ya kwanza tulifungwa 71 kwa 28. Kushindwa si ajabu kwa mwanamichezo, ila namna tulivyoshindwa ndiyo iliyonikosesha usingizi. Kanuni za mchezo huu huipa timu yenye mpira sekunde 24 tu za kuurusha kikapuni. Zikiisha, mpira huenda kwa wapinzani. Siku hiyo saa ile ilitulilia mara kumi na moja. Mara kumi na moja tulipeana mpira kutoka mkono hadi mkono, kila mmoja akiupokea na papo hapo kuinua macho kumtafuta wa kumpa. Hapakuwa na mchoyo hata mmoja kati yetu. Mtazamaji asiyeujua mchezo angedhani anaona ushirikiano wa kupigiwa mfano. Kumbe ilikuwa hofu iliyovaa joho la heshima: hakuna aliyetaka kuwa yeye aliyerusha akakosa.

Jioni hiyo tulirudi nyumbani kwa matatu, tukapita karibu na uwanja wa City penye mwanzo wa barabara ya Jogoo. Kocha, ambaye hakuwa amesema neno tangu tulipopanda, akauonyesha kwa kidole na kuuliza kama tuliwahi kusikia "Kadenge na mpira". Nani asiyesikia? Ni usemi uliovuma kutokana na utangazaji wa Leonard Mambo Mbotela redioni, akimsifu Joe Kadenge, nyota wa kandanda wa Kenya katika miaka ya 1960. "Basi," akasema kocha, "sentensi hiyo ni tamu, lakini ina mtu mmoja na mpira. Wale kumi wengine wako wapi? Ninyi mmekuwa mkicheza sentensi hiyo kwa miaka miwili." Miezi michache baadaye, Julai 2019, Kadenge alifariki dunia, na uwanja ule ukapewa jina lake. Ni heshima aliyoistahili kikamilifu. Lakini hakuna aliyewaamuru wanaocheza humo wampelekee pasi.

Juma lililofuata kocha aliniita pembeni. "Wewe unasoma Kiswahili," akaniambia. "Nitafutie majina mapya ya hii mipango." Nililichukulia kama jambo dogo la kumpa mtu wa benchi. Hata hivyo, kadiri nilivyolifikiria ndivyo nilivyotambua kwamba nilikuwa nimepewa kazi ya istilahi, ile ile tuliyokuwa tukiijadili katika semina. Tulifundishwa kwamba istilahi nzuri humfunulia maana hata yule anayekutana nayo kwa mara ya kwanza. Marehemu Sheikh Ahmed Nabhany alipotupa neno "runinga" hakutudai tumjue mtu yeyote; aliturudisha kwenye ujuzi wa jamii yenyewe. Jina la mtu, kinyume chake, ni fumbo kwa asiyemjua mwenyewe. Kwa miaka miwili tulikuwa tumeandika kamusi yetu kwa fumbo, na wenye ufunguo walikuwa wameondoka nao.

Nikaamua kutafuta majina barabarani. Kila mmoja wetu aliijua barabara ya Jogoo na vituo vyake. Mpango wa kujazana wote chini ya kikapu niliuita "Muthurwa", kwa sababu ya msongamano wa soko na matatu. Mpango wa wachezaji wawili kukata katikati ya ulinzi, mmoja nyuma ya mwingine, niliuita "Burma", kwa ajili ya soko la nyama ambako visu havipumziki. Mpango wa kuupeleka mpira kwa haraka hadi pembe ya mbali kabisa niliuita "Donholm", mwisho wa barabara. Nilipoyasoma majina hayo mbele ya wenzangu walicheka hadi wakashika mbavu. Lakini yule binti wa Kayole hakuhitaji maelezo. Kocha alipoita "Burma!" kwa mara ya kwanza alikata katikati kama aliyezaliwa na jina hilo, akapokea mpira, akafunga. Hakumtafuta mtu. Hapakuwa na mtu wa kutafutwa katika jina lile.

Nisije nikamdanganya msomaji kwamba majina yalitupa ushindi. Tuliendelea kufungwa mwezi Machi, tukafungwa mwezi Aprili. Wachezaji wawili walikata tamaa wakaacha. Mimi mwenyewe nilipandishwa kutoka benchi si kwa sababu ya umahiri bali kwa sababu hapakuwa na mwingine. Nilijifunza kudunda mpira kwa mkono wa kushoto nikiwa na umri wa miaka ishirini na miwili, usiku, kwa mwanga wa taa ya mlingoti, huku watoto wa Jericho wakinicheka bila huruma na baadaye wakinirekebisha.

Jumamosi moja ya mwezi Agosti nahodha wetu wa zamani alikuja uwanjani. Alivaa fulana ya timu yake mpya na alibeba mfuko wenye jozi nne za viatu vilivyotumika. Nilimsalimu kwa ubaridi. Alikaa kando yangu akanyamaza, kisha akaanza kunisimulia mambo ambayo sikuwa nimemwuliza: kwamba mama yake aliacha kurauka saa kumi za alfajiri kwenda Gikomba kung'ang'ania marobota ya mitumba, na kwamba mdogo wake alirudi shuleni baada ya kukaa nyumbani mihula miwili. Hakuniomba radhi, wala hakuwa na la kuombea radhi. Mimi ndiye niliyekuwa nalo. Milango yetu ilitazamana miaka yote hiyo, na muhula wa kwanza na wa pili nilimwona yule mdogo wake kibarazani asubuhi, bila sare, nisijiulize kwa nini.

Kisha kocha akamwomba aingie acheze nasi kidogo. Aliingia, akasimama palepale penye nafasi yake ya zamani, akainua mkono kuomba mpira. Kocha akaita, "Donholm!" Nahodha akageuka kushoto na kulia, asijue la kufanya. Yule binti wa Kayole, ambaye hakujua kabisa aliyekuwa mbele yake, akamshika kiwiko na kumwambia kwa upole, "Dada, wewe nenda usimame kule pembeni. Mpira utakufikia." Nasi tuliomjua tukashikilia pumzi. Nahodha akamtazama yule mtoto, akanitazama mimi, akatabasamu. Akaenda pembeni akasimama. Na mpira ukamfikia.

Katika mechi ya marudiano dhidi ya timu ile iliyotufunga kwa pointi 43, tulifungwa kwa pointi 4. Saa ya sekunde 24 ilitulilia mara moja tu. Katika dakika ya mwisho mpira ulinifikia mimi, nami kwa mazoea nikainua macho kumtafuta wa kumpa. Nilimwona binti wa Kayole amefunikwa na walinzi wawili. Nikarusha. Mpira uligonga chuma ukatoka nje. Nilikosa, na nilirudi nyumbani Maringo nikiwa nimelala usingizi mnono kwenye kiti cha matatu.

Mwaka uliofuata mambo ya viwanjani yalisitishwa na janga la korona, nami nikahitimu. Ndio mwaka ambao mti wetu mkuu wa Kiswahili uliangushwa mara mbili: Euphrase Kezilahabi alitutoka Januari 2020, naye Ken Walibora mwezi Aprili, alipogongwa na matatu katika barabara ya Landhies, njia ile ile tuliyokuwa tukipitia kwenda na kurudi. Nilisikia wenzangu wakiuliza kwa uchungu nani sasa ataandika. Ni swali la wana wa ndege, na halina aibu, kwani tuliyumba kwelikweli. Lakini nikitazama rafu za tasnifu zetu, nikiwemo mimi na pendekezo langu la uzamili, naona tunapeana riwaya zile zile mkono kwa mkono, kwa heshima kubwa, kila mmoja akiinua macho kumtafuta wa kumpa. Waliotutangulia walistahili kuhakikiwa, nao wataendelea kustahili. Ila saa inahesabu, na miongoni mwetu wamo wenye miswada iliyofichwa chini ya vitanda vya mabweni kwa kuogopa kukosa kikapu.

Kwa hiyo nadhani methali zile mbili hazipingani. Ya kwanza hueleza siku mti unapoanguka. Ya pili hueleza siku zinazofuata. Tena methali ya koleo haikusema kwamba koleo jipya litafanana na lililovunjika, wala haikuahidi kwamba mhunzi hataungua vidole akilizoea.

Hivi karibuni nilipita Jericho jioni. Vikapu vyote viwili sasa vina nyavu. Wasichana nisiowajua walikuwa mazoezini, na mmoja wao akapaza sauti, "Burma!" Wawili wakakata katikati, mmoja nyuma ya mwingine. Nilisimama nje ya ua nikawauliza jina hilo lilitoka wapi. Walitazamana. Mmoja akanijibu kwa adabu, "Hatujui, dada. Tumelikuta hapa," kisha akaufuata mpira.