Matone ya Rangi Katika Zulia

Watu wengi hudhani ya kuwa rangi ikisha kukauka katika zulia, basi hakuna dawa tena: zulia limeharibika, na aliyelichafua hana budi kulilipa. Nataka kuwaonyesha wasomaji wa gazeti hili, wanafunzi wenzangu pamoja na ndugu zetu waliokwisha kumaliza masomo, ya kuwa sivyo siku zote. Nilijifunza jambo hili mwanzo wa mwaka huu, nilipokuwa mmoja wa vijana sita wa kidato cha sita waliopewa kazi ya kutunza kanisa la shule.

Wakati wa likizo kuta na madirisha ya kanisa yalipakwa rangi upya na mzee mmoja fundi. Zulia jekundu lililo mbele ya altare, ambalo wanafunzi wa zamani walilichangia fedha, limegandishwa sakafuni kwa gundi, kwa hiyo haliwezi kukunjwa. Fundi alilifunika kwa magazeti, lakini upepo uliyapeperusha, naye akiwa juu ya ngazi hakuona. Kisha kanisa likafungwa. Tuliporudi majuma matatu baadaye, tulikuta matone yamekauka kama mawe madogo. Tuliyahesabu, yakawa 63: meupe 47 ya ukutani, na 16 ya rangi ya kahawia ya madirishani.

Bruda anayeshika fedha za shule alisema kwamba wanafunzi wa zamani watakuja kusali Misa pamoja nasi Jumapili ya juma la pili. Kama zulia halijatakata kufikia siku hiyo, gharama ya kulitengeneza itakatwa katika malipo ya fundi, maana nusu yake alikuwa bado hajapewa. Mzee hakubisha. Alitugeukia sisi, akasema, "Wanangu, fedha ile ni karo ya mjukuu wangu." Tangu hapo kazi ile haikuwa tena kazi ya usafi tu.

Mwenzetu mmoja alileta maji ya moto na magadi. Mwingine alitaka ile dawa ya klorini ya kung'arishia nguo nyeupe. Mwalimu wetu wa kemia akatuzuia. Alisema tusiguse kitu mpaka tumejibu maswali mawili: zulia ni la nyuzi gani, na rangi ni ya namna gani?

Ili kujibu swali la kwanza, tulikata nyuzi chache pembeni, chini ya kabati, tukazichoma nje. Zilinuka kama nywele zinazoungua, na jivu lake likavunjika kwa vidole. Basi lilikuwa zulia la sufu. Kama lingekuwa la nailoni, nyuzi zingeyeyuka na kuacha kijitone kigumu. Sufu ni manyoya ya kondoo, nayo ni jamii moja na nywele zetu. Klorini huila, na magadi makali huidhoofisha. Dawa zile mbili zingeondoa doa pamoja na zulia lenyewe.

Kwa swali la pili, tulilowesha kitambaa cheupe kwa spiriti tukakikandamiza juu ya matone. Yale meupe yalilainika, yakaacha alama kitambaani. Yale ya kahawia hayakulainika hata kidogo. Mwalimu akatueleza sababu. Rangi ya maji hukauka maji yake yanapopaa, na chembe zake zikashikana kuwa ngozi moja kama plastiki. Maji hayawezi kuirudisha tena, lakini spiriti huilainisha. Rangi ya mafuta haikauki kwa kupoteza maji. Huvuta oksijeni ya hewani na kugeuka kuwa ngumu, na kadiri siku zinavyopita huzidi ugumu.

Ndipo tukaanza. Kila tone tulilibana kwanza kwa koleo ili lipasuke, kisha tukazoa chenga zake kwa brashi laini. Kazi hiyo kavu peke yake iliondoa sehemu kubwa ya rangi, kwa sababu matone mengi yalikuwa yamekaa juu ya ncha za nyuzi, hayakuzama mpaka shinani. Yaliyobaki ya meupe tuliyagusa kwa kitambaa chenye spiriti, tukangoja dakika chache, tukayakwangua kwa ukingo wa kijiko kutoka nje kuelekea katikati ili doa lisitanuke. Halafu tukakandamiza kitambaa kikavu, tukamaliza kwa maji yenye sabuni kidogo na maji safi.

Kwa yale ya kahawia tulitumia tapentaini, baada ya kuijaribu pembeni tuone kama haichujishi wekundu wa zulia. Hatukuimwaga, maana ikishuka chini huweza kuyeyusha gundi. Tulifungua madirisha yote, na hakuna mshumaa uliowashwa, kwa kuwa mvuke wa tapentaini hushika moto. Vitambaa vilivyotumika tulivitandaza nje vikauke.

Jambo moja tulikatazwa kabisa, nalo ni kusugua. Asuguaye hufumua msokoto wa nyuzi na kuisukuma rangi ndani zaidi. Doa likitoka, mahali pale hubaki na manyoya yaliyosimama ovyo, na jicho huliona daima.

Tulifanya hivyo jioni nne. Mzee fundi alikuwa akipaka nyumba nyingine mjini mchana, lakini kila jioni alikuja, akapiga magoti pamoja nasi. Mikono yake ilikuwa hodari kuliko yetu. Alipapasa tu, akajua tone lipi limelainika na lipi bado. Jioni ya tatu nilimwomba aende akapumzike. Akanijibu, "Mwanangu, nitapumzikaje nanyi mnafanya kazi yangu?"

Matone meupe yalitoka yote. Katika yale ya kahawia yalitoka 12. Manne yalikataa, tukayapunguza ncha kwa mkasi mdogo, kidogo kidogo. Mawili kati ya hayo yameacha kivuli mpaka leo, karibu na ngazi ya kwanza ya altare.

Bruda alipokuja kukagua, tulimwonyesha vivuli vile viwili sisi wenyewe kabla hajavitafuta. Alisimama mlangoni akatazama, kisha akainama akapitisha kiganja juu ya zulia. Akasema fundi alipwe fedha zake zote, ila siku nyingine atandike turubai na kulikandamiza kwa mawe. Mzee aliitikia, akapokea fedha kwa mikono miwili.

Wanafunzi wenzangu, tone bichi la rangi ya maji hutaka dakika moja na kitambaa chenye maji. Lililokauka lilitutaka sisi sita na mzee mmoja jioni nne. Kwa hiyo atandikaye vizuri hapotezi wakati.

Nanyi ndugu zetu mliotutangulia, wengi wenu sasa mna nyumba na maofisi, nanyi huajiri mafundi. Siku mtakapokuta matone ya rangi juu ya zulia, nawasihi msianze kwa kuhesabu fedha za kumkata mtu. Ulizeni kwanza nyuzi ni za namna gani na rangi ni ya namna gani, kisha mpeni fundi koleo, kitambaa na siku chache za kujaribu. Kama doa limekataa kabisa, hapo ndipo mzungumze naye habari ya malipo, wala si kabla.