Nani Anaikoromesha Redio Yako?

Katika nyumba nyingi za mijini redio ndogo ya betri bado ina mahali pake: juu ya kabati, dirishani jikoni, au kando ya kitanda cha mzee ambaye macho yake hayamruhusu tena kusoma. Nayo aghalabu hulaumiwa kwa makosa yasiyo yake. Ikianza kukwaruza tunaipiga kofi. Ikiendelea tunaipeleka kwa fundi. Na fundi naye, maadamu ana watoto wa kulisha, huifungua. Nataka leo nikuonyeshe kwamba mara nyingi redio inayokoroma ni nzima kabisa, tena ni shahidi mwaminifu wa yale yanayotendeka ndani ya nyaya za nyumba yako.

Tafuta redio yenye masafa ya kati, uitie betri kavu, wala usiichomeke ukutani. Sogeza sindano mpaka mahali pasipo na stesheni, penye mvumo mwepesi tu kama wa upepo katika makuti. Kisha chukua betri moja ya tochi, kipande cha waya wa shaba, na tupa ya kunolea visu. Simamisha betri juu ya tupa, kichwa chini. Ncha moja ya waya ishikize kwenye kitako cha betri, na ncha ya pili ikwaruze juu ya meno ya tupa, karibu na redio. Utasikia redio ikijibu papo hapo: krr, krr, krr. Ukiacha, nayo inanyamaza. Fanya hivyo kwa nukta chache tu, kwa sababu waya hupata moto. Na kamwe usijaribu kwa betri ya simu, ambayo yaweza kuwaka.

Tazama sasa: hakuna waya wowote unaounganisha betri hiyo na redio. Kila mara waya unaporuka kutoka jino moja la tupa hadi jingine, umeme hukatika na kurudi ghafla, na mshtuko huo hutupa mawimbi pande zote kwa mwendo wa kilometa 300,000 kwa nukta moja. Tumezoea kusema yanapita hewani, ingawa kwa hakika hayahitaji hewa hata kidogo, ndiyo maana hutufikia hata yale yatokayo kwenye jua.

Hivi ndivyo elimu yenyewe ilivyoanza. Mskochi James Clerk Maxwell alikuwa ameandika mwaka 1865, kwa hesabu tupu, kwamba umeme na sumaku huweza kusafiri pamoja kama mawimbi. Kati ya mwaka 1886 na 1888 Heinrich Hertz, mwalimu katika mji wa Karlsruhe huko Ujerumani, alirusha cheche baina ya vipande viwili vya chuma, na mbali kidogo, katika kitanzi cha waya kisichogusana na chochote, akaona cheche ndogo sana ikiruka nayo. Alifariki mwaka 1894 akiwa na umri wa miaka 36 tu. Mwaka uliofuata Mrusi Aleksandr Popov alionyesha chombo kilichotambua radi kabla haijafika; na Marconi alipovusha ishara juu ya bahari ya Atlantiki Desemba 1901, alitumia mtambo wa cheche. Kelele tunayoilaani leo ndiyo iliyokuwa habari yenyewe siku hizo.

Kwangu mimi jambo hili halikuwa la mchezo. Mama yangu mzazi haoni vizuri, na redio ndiyo gazeti lake. Bado anakumbuka mwaka 1973, wakati wa kampeni ya Mtu ni Afya, watu walipokusanyika kwa vikundi kuzunguka redio moja na kujadiliana baada ya kipindi. Basi redio yake ilipoanza kuunguruma kila jioni, aliona kama amefungiwa mlango. Tunaishi nyumba ya kupanga, vyumba sita na ukumbi katikati. Chumba cha pili yumo mama mmoja fundi cherehani, mwenye mashine ya umeme. Mama akakata shauri kwamba ni yule, tena anafanya kusudi. Salamu za asubuhi zikakoma. Maji ya kisimani yakawa na zamu. Fundi akaanza kuulizia chumba mtaa wa pili, na shauri lilikuwa limebaki hatua chache lifike kwa balozi.

Jumamosi moja nikaomba watu wote wa nyumba wakubali jaribio. Nilimwomba mama aishike redio yeye mwenyewe, kwa kuwa masikio yake ni makali kupita yangu, nami nikamwongoza polepole kutoka chumba hadi chumba. Tulianza kwa fundi. Alipokanyaga pedeli redio ilitoa mkwaruzo mkubwa, na alipoinua mguu mkwaruzo ukakatika. Mama akasema, "Huu siyo." Wa jioni ulikuwa mvumo mmoja mrefu usiokatika, kama nyuki ndani ya mzinga. Mota ya cherehani ina vipande vya kaboni vinavyosugua sehemu inayozunguka na kutoa cheche, ni binamu wa tupa yetu. Hukoroma inapofanya kazi tu.

Tukaendelea kuzima kitu kimoja kimoja. Taa za ukumbini, bado. Jokofu la chumba cha tano, bado. Kila tulipokaribia chumba chetu sauti ilizidi, na juu ya meza yetu ikawa ngurumo. Hapo palikuwa na chaji ya simu ya bei rahisi aliyoinunua mpwa wangu njiani, ambayo huichomeka kila arudipo kazini. Nilipoichomoa, chumba kizima kikawa kimya. Mama alisimama kidogo na redio mkononi. Kisha akasema kwa sauti ya kusikika ukumbini, "Mwite mwenzangu aje asikie."

Chaji hizi, kama zile taa nyeupe zinazotumia umeme kidogo, hazipunguzi nguvu ya umeme kwa upole. Ili kuushusha kutoka volti 230 hadi 5, huukata na kuuachia makumi ya maelfu ya mara kwa nukta moja. Chaji iliyotengenezwa vizuri ina vichujio vya kuzuia kelele isitoke nje. Iliyobanwa bei mara nyingi imenyimwa vichujio hivyo. Waya wa ukutani nao hugeuka kuwa mlingoti wa kurushia matangazo ambayo hakuna aliyeyaomba.

Pengine utaniuliza mbona stesheni za muziki za FM hazikusumbuliwa. Katika masafa ya kati sauti hubebwa kwa kukuza na kupunguza nguvu ya wimbi, na kelele nyingi za umeme huja kwa sura hiyo hiyo. Redio haina njia ya kuzitenga. Katika FM nguvu hubaki ile ile, kinachobadilika ni kasi ya mtetemo, na redio huweza kuyapuuza mengi yanayozidishwa juu yake. Watoto wakitaka kuona zaidi, waitie redio inayoimba stesheni ya masafa ya kati ndani ya sufuria ya aluminiamu na kuifunika vizuri. Sauti itafifia sana, maana chuma hulizuia wimbi lisipite. Wakirudia kwa FM, huenda ikapenya kwenye ufa wa mfuniko: wimbi lake lina urefu wa karibu mita 3, wakati la masafa ya kati hufika mita 300 na zaidi.

Dawa ya nyumba yetu ilikuwa kununua chaji nyingine, ambayo tuliijaribu kwa redio dukani kabla ya kulipa, muuzaji akitucheka. Fundi hakuhama. Anapokuwa na nguo nyingi za kushona jioni humwambia mama mapema, naye mama huisogeza redio.

Na kusogeza kwenyewe kuna ufundi. Baada ya jua kutua, tabaka la chini la anga linalomeza mawimbi ya masafa ya kati mchana hutoweka, na stesheni za mbali huakisiwa kutoka juu zaidi na kuja kupandana na za karibu. Ndani ya redio yako kuna kijiti cheusi kilichozungushiwa waya mwembamba, ambacho hakisikii upande ncha zake zinakoelekea. Kwa hiyo stesheni mbili zikigombana, usikimbilie kuongeza sauti. Iweke redio mezani na uizungushe polepole kama saa, robo duara yatosha. Mahali fulani moja itazama na nyingine itabaki. Mama amepaweka alama ya chaki.