Wasikilizaji Wasiohesabiwa

Namba ya kwanza niliyoonyeshwa na kampuni inayohifadhi sauti zangu ilikuwa 11. Watu kumi na mmoja dunia nzima, na watatu kati yao walikuwa mimi: kwa simu yangu, kwa kompyuta ya saiba na kwa simu ya dada yangu. Huo ndio umati niliouzindulia podikasti yangu hapa Machakos.

Kipindi chenyewe kinahusu wamama waliochimba matuta. Ukitoka mjini ukipanda vilima vya Iveti utaona mashamba yamekatwa kama ngazi, moja juu ya nyingine. Wataalamu wa udongo hata nje ya Afrika wanauita mtindo huo "fanya juu", kwa Kiswahili hicho hicho. Unachimba mtaro, udongo unautupa upande wa juu, halafu mvua na jembe vinasawazisha shamba polepole, mwaka baada ya mwaka. Miaka ya thelathini serikali ya kikoloni iliona ardhi ya Ukambani inaisha, ikaanza kuwanyang'anya watu ng'ombe wao. Mwaka 1938 Muindi Mbingu akaongoza watu hadi Nairobi kupinga, na kwa hilo akapelekwa kuzuiliwa Lamu. Baadaye watu wale wale, na hasa wanawake, wakachimba matuta wenyewe kwa mwethya, yaani kazi ya zamu: leo kwako, kesho kwangu. Mwaka 1994 Mary Tiffen, Michael Mortimore na Francis Gichuki walitoa kitabu kiitwacho More People, Less Erosion, kikionyesha kwamba watu wa wilaya hii waliongezeka zaidi ya mara tano tangu miaka ya thelathini na bado udongo ukatunzwa vizuri kuliko mwanzo.

Mimi nilitaka kusikia walioshika majembe. Wengi wako miaka sabini, themanini. Hao hawangoji mtu ajipange.

Kurekodi ndiyo kazi rahisi. Simu, maikrofoni ndogo ya kubana kwenye leso, na chumba chenye magodoro ili sauti isirudi. Kuchapisha nako si ngumu. Unapakia faili mahali pamoja, kampuni inakupa anwani ya mlisho, halafu Spotify, Apple na wengine wanasoma mlisho huo kila ukiongeza kitu. Neno lenyewe, podcast, lilichapishwa mara ya kwanza mwaka 2004 na mwandishi Ben Hammersley kwenye gazeti la Guardian la Uingereza, na mpaka leo mtambo ni ule ule: faili la sauti na mlisho. Shida inaanza hapo sasa. Mlisho haupigi mtu hodi.

Ushauri niliopata ulikuwa mwingi na wote ulifanana. Toa kipindi kila wiki, siku moja, saa moja. Tafuta mgeni mwenye jina. Kata vipande vya dakika moja uweke TikTok. Sipingi. Lakini wengi tunaowaiga walianza wakiwa na watu. Adelle Onyango alikuwa tayari sauti ya redio kabla ya kuanzisha Legally Clueless. Mgeni wangu wa kwanza anajulikana kwa kanisa lake na kwa soko la Jumatatu, basi.

Kuna kijana wa matangazo, jina lake nalihifadhi, alinisikiliza akaniambia, "Hii kitu iko sawa, lakini huyo nyanya ndiye pesa. Kata pale anapochanganya Kiswahili na Kikamba, weka kicheko, itatembea." Alikuwa sahihi kwamba ingetembea. Susu huyo, akishikwa na hasira, anatoa sentensi yenye lugha tatu na hakuna hata moja inayofika mwisho. Lakini kabla sijawasha simu siku ile alikuwa ameniuliza kitu kimoja tu: "Mwanangu, hawa watu wa kunisikiliza, ni wa kunicheka?" Nilimwambia hapana. Sasa hapo kuna nini cha kujadiliana?

Nilikataa, na kukataa kuna bei. Mwenye duka moja la mbegu alikuwa tayari kutangaza kwangu nikifikisha mara 1,000 kwa kila sehemu, nami nilikuwa sijafika hata 100. Niliacha chuo, nalipa nyumba kwa kuandikia watu makala, kwa hivyo nyumbani swali ni moja kila mwisho wa mwezi: "Na hii ya kuongea, inalipa?"

Kilichobadilisha mambo ni hesabu ya bando. Sehemu ya nusu saa, ikihifadhiwa kwa kilobiti 128 kwa sekunde, inakula karibu megabaiti 29. Ukiishusha hadi kilobiti 64, kwa mkondo mmoja wa sauti, inakula kama 14, na sauti ya mtu anayeongea haipotezi kitu. Mtu anayenunua bando la shilingi kumi au ishirini anajua tofauti hiyo bila kuelezwa. Nikapunguza. Halafu nikafanya kile ambacho washauri wote wangenikataza: nikaanza kutuma faili lenyewe kwa WhatsApp, kwa kila mama niliyemhoji na kwa watoto wake.

Hapo ndipo sauti zilianza kutembea, na hapo ndipo namba ziliponiacha. Kwa utaratibu ambao kampuni nyingi za podikasti zinafuata, upakuaji unahesabiwa faili likishapakuliwa kiasi cha angalau dakika moja ya sauti, na maombi yanayotoka kwa kifaa kimoja ndani ya saa 24 yanahesabiwa mara moja. Faili likitumwa kwa WhatsApp halihesabiwi kabisa. Wamama tisa wa chama wakizunguka simu moja iliyowekwa ndani ya sufuria tupu ili ipige kelele zaidi, kwa mtambo hao ni sifuri.

Na wako. Nimewaona. Chama kimoja upande wa Kathiani kinasikiliza kabla ya kuhesabu pesa za mzunguko. Dereva mmoja wa matatu ya Nairobi anaicheza asubuhi hadi Mlolongo, abiria wakitaka wasitake. Kuna msichana aliye kazini Qatar ambaye alinitumia ujumbe wa sauti wa sekunde arobaini. Mama yake alikuwa kwa sehemu ya nne. Alisema hajawahi kumsikia mama akisimulia habari ya usichana wake, kwamba wakipigiana simu ni karo, ni dawa, ni "umekula?" Halafu akaniuliza kama nina ile sehemu ambayo sikuiweka.

Sasa nina njia yangu ya kuhesabu. Kila mwisho wa sehemu naomba jambo moja: ukisikiliza, nitumie jina la kijiji cha kwenu. Sisemi "jiunge", sisemi "bonyeza". Majina naandika kwa daftari la kurasa 96. Kangundo, Masii, Mwala, Wamunyu, Mbiuni, na moja iliyonishangaza, Kwale, ambako kuna Wakamba wa siku nyingi. Daftari hilo nilimpelekea yule wa duka la mbegu. Alilifungua pole pole, akauliza Masii ni wangapi, akasema atafikiria. Anauza mbegu Masii, hauzi Spotify.

Kama unataka kuanzisha yako, sina siri. Jua faili lako lina uzito gani na nani analipia uzito huo. Peleka sauti kwa aliyeitoa kabla ya kuipeleka kwa wageni, maana yeye ndiye atakayeibeba. Na ukipewa ahadi ya umati, uliza umati huo unakuja kufanya nini kwa mtu aliyekufungulia mlango.

Mtambo wa kampuni unasema sehemu ya mwisho imepakuliwa mara 163. Jumamosi naenda Mwala kurekodi wamama wawili waliokuwa mwethya mmoja na wamenuniana tangu zamani kwa sababu ya mpaka wa shamba. Kila mmoja amekubali kuongea, kwa sharti kwamba mwenzake asikie kwanza.