Betri ya Volti 9

Mwaka 2017 watafiti wa Chuo Kikuu cha Calgary, Kanada, walichapisha utafiti ambao mdogo wangu ameukariri kuliko kitabu chochote cha shule. Walichukua watoto 24 wenye afya, wote wa kutumia mkono wa kulia, wakawapa kazi ya mkono wa kushoto: kuchomeka vijiti vidogo kwenye mashimo haraka iwezekanavyo, siku tatu mfululizo. Wengine walipitishiwa umeme hafifu kichwani, miliampia 1 au 2. Wengine walivalishwa vifaa hivyo hivyo, ila umeme ukazimwa mapema bila wao kujua. Waliopata umeme walijifunza haraka zaidi, na wiki sita baadaye bado walikuwa mbele.

Mdogo wangu ana miaka 15, anapiga gitaa kanisani, na vidole vyake vya kushoto vinachelewa. Basi akachomoa betri ya volti 9 kwenye maikrofoni ya kwaya, akaniomba nimtafutie waya. "Si ni umeme kidogo tu, brathe?"

Ni kidogo, kweli. Hauamrishi seli za ubongo. Unazisogeza tu karibu na kuamka. Lakini maabara ina mashine ya kuupima na kuushikilia palepale. Betri tupu haina breki, na ngozi huungua. Mwaka 2016 wataalamu wa ubongo waliandika barua ya wazi kuwatahadharisha wanaojifanyia haya nyumbani. Na ubongo wa miaka 15 bado unajengwa.

Nikamwonyesha alichokiruka: hata waliozimiwa umeme waliboreka. Kwa mazoezi tu.

"Hiyo ni yako," akasema. "Mimi sitaki kukwama hapa."

Ningejibu nini? Niliacha chuo mwaka wa pili, naandika makala za kulipwa kwa idadi ya maneno, na tunalala chumba kimoja. Ananiona kila siku.

Watafiti wale hushughulika pia na watoto waliopata kiharusi wakiwa wachanga, ambao mkono mmoja umekataa kutii. Kwao miliampia moja ni tumaini. Mkono wa mdogo wangu ni mzima kabisa, ila kuna mtu, sijui nani, ameshamwambia kwamba uzima hautoshi.

Betri niliirudisha kanisani. Waya alishapata kwingine, na hasemi ameuficha wapi. Usiku gitaa likinyamaza ghafla, naacha kuandika nisikilize.